Nusu sahani Changanyikeni: kibanda kisicho na kibao

Kibanda chenyewe hakina kibao wala jina. Ukitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kwa upande wa Changanyikeni, utakiona kwa turubai la bluu, mabenchi manne na masufuria matatu juu ya majiko ya mkaa. Mwenye nacho tunamwita Mama, basi. Nakula pale tangu mwaka wa kwanza, na sasa niko wa tatu, uhandisi.

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Wali maharage 1,500, ugali dagaa 1,500, wali nyama 2,500, chapati 400. Mchicha na mchuzi wa kuongeza huvilipii. Ila kilichonifunga pale ni nusu. Ukisema "Mama, nusu", kwa 800 unaletewa sahani ileile wanayokulia wenzako, wali umetandazwa mpaka ukingoni, maharage juu, mchicha pembeni. Anayekula mkabala nawe hajui kama wewe ni nusu au kamili. Kuna sehemu nyingine niliwahi kuomba nusu, nikajibiwa kwa sauti, "Hapa hatupimi kama dawa!" Benchi zima likageuka. Sikurudi.

Hesabu mnaijua. Boom, hela ya kujikimu toka bodi ya mikopo, ni 10,000 kwa siku, chakula na malazi humohumo, na hiyo ni kwa aliyepata mkopo. Ukishasaini, kodi ya geto inasubiri mlangoni, madeni nayo, kutoa kopi, na mdogo wako nyumbani anayepiga simu za "kaka shikamoo" ambazo haziishii kwenye shikamoo. Wiki ya kwanza chipsi kuku. Wiki ya sita pasi ndefu: unakula saa tano asubuhi, huo ndio umekuwa chai, mchana na usiku. Siku moja niliingia karakana saa nane mchana, tumboni hamna kitu tangu jana yake. Chuma kiko kwenye jiliwa, tupa mkononi, mikono inatetemeka. Fundi akaninusa mdomo akidhani nimelewa.

Jioni ile ndipo nilipoujua ukoko. Wali ukiisha, Mama anakwangua sufuria, anaujaza ukoko kwenye bakuli kubwa la plastiki, anaumwagia mchuzi wa maharage, analiweka mwisho wa benchi. Hatangazi, hamuiti mtu. Ni ukoko wa wali wa nazi, wa kahawia, pembeni mgumu unaolia menoni, katikati umelainishwa na mchuzi, una moshi kidogo. Kuna watu hupita pale saa kumi hivi kama waliosahau kitu. Mimi simo. Haya, nimo.

Sasa mabaya yake. Maharage yana mawe. Jino langu la nyuma lina pengo la ushahidi. Maji ya kunawa ni ndoo moja, na ikifika saa nane usiyaangalie, nawa tu. Nzi wapo. Halafu kuna kaunta buku la mkopo. Mama haandiki majina, anaandika alama: "kofia nyekundu", "dada wa dimpozi". Mimi ni "mrefu wa miwani", na kumbe tuko wawili. Nikakuta nimebebeshwa wali nyama mbili za mwenzangu, tukabishana mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Alizifuta, lakini kwa siku tatu mchicha wangu ulikuwa wa kuhesabu majani.

Mkopo mwisho wake 5,000. Ukizidisha anakwambia, "Mwanangu, umeshafika Morogoro, rudi kwanza." Hakuna kubembeleza. Wengine wanamwita mkali. Mimi nimemuona akihesabu chenji ya kununua mkaa, na vibanda viwili vya jirani vilivyokopesha bila kikomo sasa ni maturubai yaliyokunjwa.

Nyota nne. Ya tano ameila yule mrefu mwingine wa miwani.

Fika kabla ya saa saba, vipindi vikitoka hupati pa kukaa. Beba kijiko chako kama una roho nyepesi. Jumapili hafungui, na hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Mimi huwa nanunua chapati nne Jumamosi jioni, nazifunga kwenye gazeti, naziweka juu ya kabati ambako mwenzangu wa chumbani hafiki.