Uzoefu wangu: Fainali ya Yanga na Coastal Union, Arusha, 2022

Jumamosi ya tarehe 2 Julai 2022 nilikuwa ndani ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, kushuhudia fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kati ya Yanga na Coastal Union. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nimewapenda Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, tangu utotoni, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba naandika nikiwa upande wa waliofungwa. Hata hivyo, nikiulizwa leo kama nauli, tiketi na usingizi nilioupoteza vilikwenda bure, nitajibu kwamba sijawahi kutumia fedha yangu vizuri zaidi kwa ajili ya mpira.

Safari yenyewe ilikuwa na kasoro. Tuliondoka Tanga usiku kwa basi la kukodi, na kabla hatujafika Mombo gari likazimika kando ya barabara. Mwenye basi, ambaye alikuwa ameshapokea malipo yote, hakupokea simu zetu hadi alfajiri. Anayetaka kwenda fainali ya mkoa mwingine namshauri afike siku moja kabla na abaki na sehemu ya nauli mkononi mpaka abiria wafike. Abebe pia sweta, kwa sababu baridi ya Arusha mwezi Julai si ya kuifanyia mzaha kwa mtu aliyezoea joto la pwani.

Tiketi nazo zilituumiza. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza mitaani alituapia kwamba ni za jukwaa kuu, tukamlipa kwa bei hiyo, kumbe ni za mzunguko, yaani viti vya kawaida. Nilikasirika sana. Lakini mzunguko ndiko walikokaa wenzetu wengi waliotoka Tanga, na sasa naona kwamba kama ningekaa jukwaa kuu nisingeipata nusu ya niliyoyapata.

Yanga walikuja wakiwa mabingwa wapya wa ligi, tena bila kupoteza mchezo hata mmoja msimu mzima, baada ya Simba kulichukua taji hilo miaka minne mfululizo. Kijani na njano zilitanda kila upande, na sisi tulikuwa kikundi kidogo. Kisha Abdul Suleiman, maarufu kama Sopu, akatufungia bao la kwanza mapema. Mzee aliyekaa mbele yangu, ambaye njia nzima alikuwa akitusimulia ubingwa wetu wa ligi wa mwaka 1988, hakuruka wala hakupiga kelele; alivua kofia yake ya kiua, akaikunja taratibu, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Hakuivaa tena mpaka mchezo ulipokwisha.

Feisal Salum alisawazisha kipindi cha pili, kisha Heritier Makambo akaipa Yanga bao la kuongoza, na hapo baadhi ya wenzetu wakaanza kukusanya mizigo. Katika dakika za lala salama Sopu akarudisha. Muda wa nyongeza ulipoanza akafunga la tatu, yaani mabao matatu peke yake katika fainali, dhidi ya timu ambayo hakuna aliyeishinda katika ligi nzima. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua na mpaka leo simjui. Denis Nkane ndiye aliyetunyang'anya kombe mikononi kwa kusawazisha kuwa 3-3, na kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti, Yanga wakashinda 4-1.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya kuwapo uwanjani na kutazama kwenye runinga. Kamera hufuata mpira, ilhali mimi niliweza kumfuata Sopu hata pale mpira ulipokuwa mbali naye, nikaona jinsi mshambuliaji anavyofanya kazi ambayo hakuna anayeitangaza. Wakati wa matuta, jirani yangu alishindwa kutazama, akaniomba, "Mgosi, nisimulie tu." Nikamsimulia mkwaju baada ya mkwaju, na kila mmoja ulikuwa mgumu kuutamka kuliko uliotangulia. Mzee wetu alipoona imekwisha aliikunjua kofia, akaivaa, akasema, "Wanangu, wamecheza. Twendeni." Mashabiki wa Yanga waliokuwa karibu walitushika mikono, na mmoja wao akasema wazi kwamba mchezaji bora wa siku ile alikuwa wetu. Sikuona dalili ya kejeli usoni mwake.

Kwa upande wa mchezo wenyewe, sina nilichopungukiwa. Usafiri na ununuzi wa tiketi ndivyo nilivyovirekebisha mwaka uliofuata, wakati fainali ilipoletwa kwetu Tanga, katika Uwanja wa Mkwakwani, tarehe 12 Juni 2023. Wakati huo Sopu alikuwa ameshahamia klabu ya Azam, waliokuwa wapinzani wa Yanga siku hiyo. Nilinunua tiketi mapema, nikachagua mzunguko kwa hiari yangu, nikaenda kwa miguu pamoja na yule mzee. Bao la Kennedy Musonda likawapa Yanga kombe kwa mara nyingine, na tulifika nyumbani kabla chai haijapoa.