Kuku mtamu, ofa ndo kizungumkuti (nyota 3 kwa 5)

Hii branchi ya kuku hapa Malindi mjini, ya lile jina la Nairobi, nisiseme uongo kuku wao ni mtamu. Ngozi inalia kacha kacha, nyama imeiva mpaka mfupani, na ladha ni ileile utakayoipata Nairobi. Hapo franchaizi (mtu wa hapa anaendesha tawi lake kwa jina la kampuni) inafanya kazi, maana mwenye jina kazi yake ni kuleta viungo, mafunzo na utaratibu ili kuku asibadilike kila mji.

Shida iko kaunta. Bango kuuubwa mlangoni, vipande viwili, chipsi na soda kwa mia nne, nafika dada ananambia "kaka hiyo ofa huku haifiki." Haifiki vipi na bango mmelitundika wenyewe?? Akaitwa meneja, kijana mstaarabu wallahi, akasema bango limetumwa na ofisi kuu ila bosi wao wa hapa hajaikubali hiyo ofa. Napiga namba iliyo kwenye risiti, Nairobi nao wanasema hayo ni ya tawi. Yaani mteja ndo mpira.

Sasa ukiangalia ndani, mwenye tawi kalipa ada ya kuingia, kodi ya nyumba, stima, mishahara, leseni ya kaunti, yote juu yake, halafu mrabaha, yaani asilimia anayomlipa mwenye jina, kwa kawaida unakatwa kwenye mauzo sio kwenye faida. Kwa hiyo ofa ikijaza watu, ofisi kuu inapata chake hata kama mwenye tawi anakula hasara kila sahani. Akigoma namuelewa, lakini hayo wamalizane kwenye mkataba wao, mimi si mshirika.

Na chipsi zikiisha msimrukie mwenye tawi, hawezi tu kutuma mtu sokoni. Mnakumbuka KFC Januari 2022 walivyoishiwa chipsi na viazi vimejaa Nyandarua? Vyao vilikuwa vinatoka nje, meli zikachelewa, na muuzaji mpya lazima apitishwe kwanza na viwango vyao.

Lakini feni mbovu na meza zinazonata ni zake, asimsingizie mtu. Ofisi kuu nao kukagua ni wajibu wao, waje Ijumaa jioni bila kupiga simu waone.

Mkienda bebeni kuku mkale ufukweni, ukwaju nunueni kwa mama wa viazi karai hapo nje, wa kwao umepoa sana. Na ulizeni bei kabla hamjatoa M-Pesa.