Uzoefu wangu na maji ya Zamzam, na kisima ambacho wanywaji wengi hatukijui

Maji ya Zamzam yanafahamika katika kila mtaa wa Dar es Salaam wenye Waislamu, kwa kuwa ni nadra sana hujaji kurudi kutoka Makka bila dumu lake. Kinachofahamika kidogo ni kisima chenyewe, na ndiyo maana nimeamua kuandika tathmini hii. Nilikwenda Umra pamoja na mama yangu mzazi, katika msafara ulioandaliwa na taasisi moja ya hapa jijini, na tulipokuwa Makka tuliyatumia maji haya kila siku, kisha tukanunua ya kurudi nayo nyumbani. Nimeridhika sana na huduma, isipokuwa kwa jambo moja ambalo nitalieleza kwa urefu, kwa sababu naamini linamgusa kila anayejiandaa kwa safari hiyo.

Ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka, maji yamewekwa kwenye madeli yaliyopangwa kwa safu katika kumbi na kandokando ya njia. Kila deli lina bomba dogo la kubonyeza. Vikombe vya kutumia mara moja vimesimamishwa upande mmoja na upande wa pili pana sehemu ya kutumbukiza vilivyokwisha kutumika, kwa hiyo hata penye msongamano hakuna anayechanganyikiwa. Baadhi ya madeli yana maji yaliyopozwa na mengine yameandikwa kwamba hayakupozwa. Kwa mama, ambaye koo lake halivumilii baridi, hilo lilikuwa neema. Wafanyakazi huleta madeli yaliyojaa na kuondoa yaliyokwisha, wengine hupita na maji wakiwa wameyabeba mgongoni, na maji yakimwagika sakafuni hufutwa pale pale. Hakuna anayetozwa hata senti moja, wala anayeulizwa ametoka nchi gani. Nilimtazama mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu akijazwa kikombe na kijana asiyejuana naye wala kuelewana naye lugha, na nikaona kwamba adabu ya mahali pale imeanzia kwenye maji.

Ama kuhusu ladha, ninamshauri kila mtu aanze na yale yasiyopozwa, kwa sababu baridi huficha. Maji ya Zamzam ni mazito kidogo mdomoni kuliko maji ya chupa tuliyoyazoea Dar, na kwa mbali yana chumvichumvi inayotokana na wingi wa madini, hasa kalsiamu, magnesiamu na sodiamu. Mama alipokunywa mara ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, haya yanashibisha." Kauli yake ilinikumbusha habari ya Abu Dharr, swahaba wa Mtume, iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba alikaa Makka siku 30 akiwa hana chakula kingine isipokuwa Zamzam, na Mtume (S.A.W.) akasema kwamba maji hayo ni yenye baraka na ni chakula chenye kushibisha. Tuliyanywa kama tulivyofundishwa madrasa: kuelekea kibla, kupiga bismillahi, kuvuta pumzi mara tatu, kisha kuomba, kwa kuwa imepokewa kwamba maji ya Zamzam ni kwa lile jambo ambalo mtu ameyanywa kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye kisima. Kipo upande wa mashariki wa Al-Kaaba, umbali wa takriban mita 20 tu, nyuma ya Maqam Ibrahim, yaani jiwe alilosimama Nabii Ibrahim, na leo kimefunikwa kabisa na sakafu ya marumaru ambayo watu wanatufu juu yake, yaani wanapita wakiizunguka Al-Kaaba. Zamani palikuwa na jengo juu yake, na baadaye palikuwa na ngazi za kuteremkia chini, ambako mtu aliweza kukitazama kisima nyuma ya kioo. Sehemu hiyo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kupanua eneo la tawafu. Ninaielewa sababu, kwa sababu nimeuona umati wenyewe, na kumwezesha mja kutufu kwa usalama kunatangulia haja yangu ya kutazama. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba wengi wetu tunakunywa kutoka kwenye deli la plastiki bila kujua kwamba chini ya nyayo zetu kipo kisima halisi, kilichochimbwa na kuzungushiwa mawe kwa mikono ya watu. Kiongozi wa msafara wetu, pamoja na wema wake mwingi, hakutuonyesha mahali kilipo, na wenzangu kadhaa walirudi wakiamini kwamba Zamzam ni bomba la mjini kama mabomba mengine. Hiyo ndiyo kasoro ninayoilalamikia, na inaweza kuondolewa kwa maelezo ya dakika kumi kabla ya safari.

Kisima kina kina cha takriban mita 30. Karibu mita 13 za juu zimepita katika mchanga na changarawe za Bonde la Ibrahim, na sehemu hiyo imejengewa mawe. Mita 17 hivi zilizobaki zimechongwa ndani ya mwamba. Maji huingia hasa pale mchanga unapokutana na mwamba, palipo na mawe yaliyolegea na kupasuka. Asili ya maji hayo ni mvua chache zinazonyesha juu ya bonde na vilima vinavyolizunguka. Jambo hili lilinishtua nilipotoka nje ya msikiti na kutazama juu. Mnara wa saa wa Abraj al-Bait, wenye mita 601, unasimama hatua chache kutoka hapo, na pande zote ni hoteli, mahandaki ya magari na barabara za lami, yaani jiji zima limejengwa juu ya bonde lile lile linalokilisha kisima. Sisi wa Dar es Salaam, ambao visima vyetu vingi vya karibu na pwani huingiwa na chumvi ya bahari vinapovutwa kupita kiasi, tunapaswa kuelewa haraka zaidi kuliko wengine kwamba kisima cha kale hakidumu mjini chenyewe tu bila kulindwa. Idara ya jiolojia ya Saudi Arabia ina kituo maalumu cha utafiti wa Zamzam, ambacho kazi yake ni kupima kimo cha maji, kuchunguza ubora wake na kuangalia kiasi kinachovutwa kisizidi kinachorudi.

Historia nayo inastahili kusomwa kabla ya kupanda ndege. Sote tunajua habari ya Bi Hajar, alivyokimbia mara saba baina ya Swafa na Marwa akimtafutia maji mwanawe Ismail, hadi yakabubujika. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba aliyazungushia kama hodhi kwa mkono wake ili yasipotee, na Mtume (S.A.W.) akamwombea rehema akisema kwamba lau angaliyaacha, yangalikuwa chemchemi itiririkayo juu ya ardhi. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia pia kwamba kisima kilifukiwa wakati kabila la Jurhum lilipoondoka Makka, kikasahaulika, mpaka babu yake Mtume, Abdul-Muttalib, alipokifukua baada ya kuoteshwa. Nilipokuwa katika saayi, mwendo huo huo wa baina ya Swafa na Marwa, nikiwa na habari hizi kichwani, na mama akiwa amenishika mkono, kila mzunguko ulikuwa na maana ambayo nisingeipata kwa kufuata umati tu.

Kutoka kisimani maji huvutwa kwa pampu na kupelekwa kwa mabomba hadi Kudai, kilomita chache kutoka msikitini, kwenye kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2010 kwa jina la Mfalme Abdullah. Huko huchujwa, huuliwa vijidudu kwa mionzi ya urujuanimno, na hujazwa kwenye madumu. Malori ya matangi huyapeleka pia Madina, na ndiyo sababu tulipofika katika Msikiti wa Mtume tulikuta madeli yale yale na ladha ile ile.

Dumu la kurudi nalo ni la lita 5, limefungwa kiwandani na kuwekwa ndani ya boksi lake lenye mpini, na kila abiria huruhusiwa moja kwa kuonyesha nyaraka za safari. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na thamani yake kwetu. Msiyatie maji haya ndani ya begi linaloingia kwenye tumbo la ndege, kwa kuwa mamlaka za Saudi Arabia zimekataza, na begi linaweza kufunguliwa na maji kuondolewa. Dumu husajiliwa peke yake kaunta. Yetu yalifika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere bila kuvuja, ingawa pembe moja ya boksi la mama ilikuwa imebonyea. Ulizeni shirika lenu la ndege mapema, hasa mkiwa na safari ya kuunganisha.

Nyumbani Magomeni, majirani walianza kuingia jioni ile ile. "Hajjati, tunaomba baraka," walisema, na mama akaagiza vitolewe vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, akamimina nusu nusu pamoja na tende. Kwa kipimo hicho lita 5 zinawatosha watu wengi, na ninaona ni bora kuliko kumjazia chupa mtu mmoja.

Kuhusu Zamzam inayouzwa madukani hapa mjini, msimamo wangu ni kutoinunua. Saudi Arabia hairuhusu maji haya kusafirishwa nje kwa biashara, kwa hiyo chupa ndogo yenye lebo ya kuvutia haina njia ya wazi ya kufika rafuni. Duka moja nililoliulizia lilinionyesha chupa ambazo vifuniko vyake havikuwa na utepe wa kiwanda, na muuzaji hakuweza kunieleza zilikotoka. Kwa mgonjwa au mzazi anayetamani kuyanywa, njia salama ni kumwagizia ndugu anayekwenda Umra au Hija alete dumu lililofungwa, au kubisha hodi kwa jirani aliyerudi karibuni. Sijapata kumwona Hajjati wa mtaani kwetu akimnyima mtu.