Katriji za lignokeini kwa magego ya chini: uzoefu wangu, na kwa nini nimeachana na chupa kubwa

Natibu meno hapa Mbeya, na ganzi ninayochoma kila siku ni lignokeini asilimia 2 yenye adrenalini (inayobana mishipa ya damu ili ganzi idumu), ile ya katriji, kichupa chembamba cha kioo cha mililita 1.8. Zamani nilitumia ya chupa kubwa, ya kuvuta kwa bomba la sisi 5, yaani mililita 5. Dawa ni ileile. Tofauti iko kwenye kuhesabu na kwenye kuiona damu, na kwa ganzi ya taya la chini hayo mawili ndiyo usalama wenyewe.

Hesabu kwanza. Asilimia 2 maana yake kila mililita ina miligramu 20, kwa hiyo katriji moja ni miligramu 36. Kiwango cha tahadhari ninachofuata ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtu mzima wa kilo 60, hata ukimchoma katriji tatu, bado yuko mbali na hatari. Balaa liko kwa mtoto. Wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 66, yaani hata katriji mbili hazitimii. Sasa vuta sisi 4 kutoka kwenye chupa, kama mkono ulivyozoea kwa watu wazima: tayari ni miligramu 80, na kwa macho unaona maji kidogo tu. Kwangu mtoto hapandi kiti kabla ya kupanda mizani, hata kama mizani yenyewe ni ya kuazima kliniki ya watoto.

La pili ni damu. Pale tunapochoma, mshipa wa fahamu wa taya la chini umelala pamoja na mishipa ya damu. Sindano kuingia kwenye mshipa wa damu si ajabu. Hutokea mara 10 hadi 15 katika kila mia. Ndiyo maana nasisitiza bomba la chuma lenye ndoano inayonasa kizibo cha mpira. Ukivuta nyuma kidogo, uzi mwembamba wa damu unaonekana ukipanda ndani ya kioo. Ukiuona, toa, badilisha katriji, anza upya. Bomba la katriji lisilo na ndoano kwa kawaida halivuti, na asiyevuta nyuma anachoma gizani. Dawa ikiingia kwenye damu, mgonjwa atalalamika ladha ya chuma, ulimi kufa ganzi, masikio kuvuma, kisha misuli kuchezacheza. Mbele yake ni degedege. Acha kuchoma palepale, mpe oksijeni, ita msaada.

Uchomaji wenyewe: sindano ya geji 27 (kipimo cha unene), ile ndefu ya kama milimita 35. Bomba litokee upande wa pili wa mdomo, juu ya magego madogo. Ingia milimita 20 hadi 25 mpaka uguse mfupa, rudi nyuma milimita moja, vuta, ndipo usukume. Ukigusa mfupa mapema mno, umekaa mbele. Ukifika 25 bila kuugusa, umepita nyuma, usichome! Huko nyuma kuna tezi la mate lililopitiwa na mshipa wa fahamu wa uso. Mgonjwa atashindwa kufumba jicho na ndugu zake watasema ni kiharusi. Huisha ganzi ikiisha, ila jicho lifunikwe kwa kitambaa safi cha gozi muda wote huo. Sindano isikunjwe wala isizamishwe yote hadi shingo yake, inapoungana na bomba, kwa sababu ikikatika hapo hakuna pa kuikamata.

Mwendo ni mililita moja kwa dakika, nami naifuata saa ya ukutani. Wengi wetu tunamaliza katriji kwa sekunde 20, kisha tunashangaa mgonjwa moyo kumwenda mbio na kusema ana aleji ya ganzi. Aleji ya kweli ya lignokeini ni adimu mno. Mara nyingi ni adrenalini iliyosukumwa haraka, au ni hofu.

Kwa mgonjwa wa moyo, adrenalini yote isizidi mikrogramu 40. Katriji ya 1:100,000 (sehemu moja ya adrenalini katika laki moja) ina mikrogramu 18, basi mbili zinatosha. Ya 1:80,000 ina 22.5, na hapo mbili zimeshapita. Lebo zinafanana sana, soma kila unapofungua boksi.

Baridi ya kwetu nayo ina lake. Njombe na Makete mwezi wa Juni hadi Agosti, boksi likilala kwenye gari dawa inaweza kuganda. Kiputo kidogo cha milimita moja au mbili ndani ya kioo ni cha kawaida. Kiputo kikubwa, na kizibo cha mpira kimetoka nje ya ukingo, hiyo imeganda: tupa. Kwa wenzetu wa Kyela shida ni joto na jua la dirishani, vinavyoua adrenalini ganzi ikawa fupi. Iliyobadilika rangi isichomwe.

Pale ambapo dawa hii inaniangusha ni kwenye taya lililovimba. Usaha unafanya nyama kuwa na asidi, na ganzi haishiki vizuri. Kuongeza katriji ya nne na ya tano si tiba. Toa usaha kwanza. Hata bila uvimbe, ganzi hii hukosa kushika mara 15 hadi 20 katika mia. Subiri dakika tano, uliza kama mdomo wa chini umekufa ganzi hadi katikati, ndipo ushike koleo.

Mzazi aambiwe kwamba mdomo utabaki na ganzi saa tatu hadi tano. Mtoto asipewe uji wa moto wala hindi la kuchoma, maana atautafuna mdomo wake mwenyewe bila kusikia.

Kama mna chupa tu, tumieni bomba la sisi 2 badala ya la 5. Likijaa ni miligramu 40, na mkono hauwezi kuzidisha bila wewe kujua. Vuteni nyuma vilevile, bomba jipya na sindano mpya kila mnaporudi kwenye chupa, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye plasta juu ya chupa.