Tulijipikia Tigoni: uzoefu wangu katika kijumba cha shambani

Mimi nikisikia "unajipikia mwenyewe" sisikii likizo, nasikia jikoni. Kwa hiyo Baba Watoto aliponionyesha kwenye simu kijumba cha wageni wawili ndani ya shamba la ng'ombe na majani chai huko Tigoni, upande wa Limuru, nilimuuliza swali moja tu: nitoke jikoni Donholm nikasimame jikoni Tigoni, halafu nilipie? Akaapa kwamba atapika yeye, milo yote, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Nikamwambia aandike kwenye WhatsApp niwe na ushahidi. Akaandika. Watoto tukawapeleka kwa dada yangu Kayole, nusu ya pesa tukatuma kwa M-Pesa. Bei ni shilingi 7,500 kwa usiku, watu wawili, bila chakula.

Jina la shamba silitaji. Kijumba ni kimoja tu, na malalamiko yangu mwenye shamba ameshayasikia kutoka kwangu ana kwa ana.

Tulitoka saa tisa tukidhani tumewahi. Kuvuka mjini hakukutusumbua sana, shida ilikuwa Ruaka, pale ulipo msongamano wa kila siku na wauza ndizi wanaopita katikati ya magari. Ukishapita mji wa Banana hewa inabadilika, vioo vinapandishwa bila mtu kuambiwa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Limuru imepita 2,000, na Julai tofauti hiyo unaisikia kwenye vidole. Tangazo lilisema "gari lolote linafika". Linafika kama hakujanyesha. Kilomita mbili za mwisho ni murram, manyunyu yalikuwa yameanza tangu asubuhi, na kivitz chetu kiliteleza kikalala ubavu kwenye mtaro. Vijana watatu waliokuwa wakitoka kuchuma chai walitusukuma, wakatuambia kwa kicheko kwamba sisi ni wa tatu mwezi huo. Tuliwapa mia tatu wagawane.

Kijumba chenyewe ni kizuri, sitasema uongo. Mawe, mabati, meko ya kuni sebuleni, kitanda cha futi tano kwa sita na blanketi tatu nzito. Maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni kwenye pipa lililo nyuma ya nyumba, na yalikuwa moto siku zote mbili. Chai imepandwa hadi hatua kumi kutoka dirishani. Asubuhi kukiwa na ukungu unaona vichwa vya wachumaji na vikapu migongoni tu, miguu huioni. Msimamizi alitueleza kwamba Limuru ndiko chai ilikopandwa Kenya kwa mara ya kwanza, mwaka 1903, na alivyosema ungedhani miche aliishika yeye.

Sasa jikoni. Kuna meko ya gesi ya vichomeo viwili, sufuria tatu ambazo mfuniko wake ni mmoja, sahani mbili, vikombe viwili, mwiko, na kisu ambacho hakingekata hata siagi. Chumvi hakuna. Mafuta hakuna. Kiberiti hakuna. Tangazo lilisema "jiko kamili", nami nadhani aliyeandika hajawahi kupika. Msimamizi, mama mkarimu sana, alitukopesha chumvi ndani ya karatasi na kiberiti chenye njiti sita.

Mpishi wangu alikuwa amepanga githeri. Maharagwe makavu hayo, hayakulowekwa. Hata Nairobi maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na huko juu huchemka mapema zaidi, karibu nyuzi 93, kwa hiyo yanatokota vizuri lakini maharagwe yanabaki kokoto. Saa moja ikapita, saa mbili zikapita, nami nimejifunika blanketi nasoma simu kama mtu asiyehusika. Saa tatu na robo usiku moto ukawa wa rangi ya machungwa, ukapungua, ukazima. Mtungi wa kilo 6 umekwisha.

Tulimpigia mwenye shamba, akasema mtungi mwingine utakuja asubuhi. Hapo nilikasirika. Ukimkodisha mtu nyumba ya kujipikia, gesi si zawadi, ni nusu ya kile alicholipia. Tulikula mkate na parachichi mbele ya meko, na kuni zenyewe zilikuwa mbichi, moshi ukatutoa machozi mpaka nikaanza kucheka. Baba Watoto akauliza, "Mama, umekasirika ama unalia?" Nikamwambia moto wa githeri umehamia machoni. Kwa haki yake niseme: mtungi uliletwa saa mbili asubuhi na mwenye shamba mwenyewe, akaomba msamaha, akaturudishia shilingi 1,000 bila kuombwa.

Tangazo pia lilisema "utulivu kamili". Hili ni shamba linalofanya kazi, jamani. Saa kumi na nusu alfajiri ndoo zinagongana. Saa kumi na mbili mashine ya kukata nepia, majani ya ng'ombe, inaanza kunguruma kama bodaboda iliyotolewa sailensa. Kama unatafuta kulala mpaka saa nne, baki mjini.

Lakini kwa kuwa tayari nilikuwa macho, Jumamosi nilijifunga leso nikaenda zizini, na hapo ndipo pesa yangu ilipoanza kurudi. Mkamuaji ni mzee wa makamo ya baba yangu, nikamwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, akafurahi. Ng'ombe ni sita, Friesian, weusi kwa weupe. Alimwosha wa kwanza kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akampangusa kwa kitambaa kikavu, kisha akakamua matone ya mwanzo kwenye kikombe cheusi badala ya ndoo. Akakiinamisha kikombe kwenye mwanga wa taa. Anatafuta mabonge, akanieleza. Ukiona mabonge, ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele na maziwa yake hayachanganywi na ya wenzake. Halafu akanipisha nijaribu. Nilivuta, hakikutoka kitu, ng'ombe akageuka akaniangalia kama mwalimu wa hesabu. "Polepole mama," Guka akasema, "usivute. Bana juu kwa vidole viwili, vingine vifuate." Mara ya tano uzi mwembamba ukalia kwenye ndoo. Niliondoka na lita moja ya maziwa ya moto, imejumuishwa kwenye bei kila asubuhi.

Maziwa hayo myachemshe, msijifanye mashujaa, mabichi yanaambukiza brusela. Sisi tulichemsha kwenye gesi mpya, yakafanya utando mnene ambao sijauona tangu nikiwa msichana nyumbani. Mtaani kwetu tunanunua kwenye ATM ya maziwa, unaweka ishirini, yanatoka, hukumbuki kwamba kuna ng'ombe mahali. Chai ya asubuhi ile Baba Watoto aliipika kwa tangawizi na maziwa matupu, bila tone la maji. Tulimaliza sufuria.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini sisi jembe tulipewa siku ya pili. Ukitaka mboga unakwenda kuchuma au kuchimba mwenyewe, na malipo ni kwa kilo. Sukuma wiki, managu, dhania, na viazi vya Shangi. Baba Watoto alichimba mashina manne na kujikata kidole kidogo cha mguu kwa sababu alivaa ndara, ingawa alionywa. Shangi haitaki moto mwingi, iliiva kabla kitunguu hakijakauka vizuri. Viazi vya rojo, managu yaliyotiwa ule utando wa maziwa, na chapati nane, mbili zikiwa na umbo la ramani ya Kenya. Huo ndio mlo bora ambao mwanamume huyu amewahi kunipikia, na nimeolewa naye miaka kumi na moja. Githeri iliiva saa tisa mchana, tukaipeleka kwa Guka.

Kwa mtu anayefikiria kwenda: nunua kila kitu cha dukani kabla ya kuacha lami, kuanzia chumvi hadi karatasi ya choo. Maharagwe chemsha nyumbani. Mkifika tu, inua mtungi wa gesi uupime kwa mkono mbele ya msimamizi. Bebeni gambuti na soksi za kulalia. Julai msiende na gari dogo, au mwambieni mwenye shamba awapokee kwenye lami na pikapu yake, ambayo tuligundua anayo siku ya kuondoka. Na kubalianeni mapema nani anapika. Ningekuwa nimepika mimi, kwa jiko lile na kisu kile, ningeandika mambo mengine kabisa hapa.

Jumapili tulilipia viazi kilo tano na kikombe kimoja kilichovunjika, shilingi 150. Kwa hiyo vikombe sasa kimebaki kimoja, labda wameongeza. Tumeweka nafasi tena Februari, barabara ikiwa kavu. Ujumbe wa WhatsApp bado ninao, na kisu nitabeba changu.