Beitkasta au spini? Nimezitumia zote mbili, Mama Ngina mpaka Naivasha

Jamaa wengi wananiuliza wanunue rili gani, yaani kile kidude cha kukunjia mshipi, hasa hawa walioanza kuvua juzi juzi wakaona zile video za Wamarekani wanavua samaki aitwaye blakibasi na karili kadogo kamekaa juu ya rodi, ule ufito wa kuvulia, mtu anarusha bila jasho na chambo kinatua pale pale alipotaka. Mimi nimezitumia zote mbili, beitkasta na spini, mwaka wa tatu huu, hapa kwetu Mombasa na kule ziwa Naivasha, na pesa zimenitoka na mshipi mwingi umeharibika kabla sijaelewa, kwa hivyo naandika nliyoyaona mtu asije akaingia dukani akatoka na kitu kisichomfaa.

Kwa asiyejua, spini ni ile inayoning'inia chini ya rodi, ina kiwaya cha duara unakifungua ndo urushe. Spuli yake, kile kigurudumu kinachobeba mshipi, haizunguki ukirusha, imetulia tu, mshipi ndo unachomoka kwa mbele kitanzi kitanzi. Aliyeipatia hataza Uingereza mwaka 1905, Alfred Illingworth, alikuwa mtu wa viwanda vya nyuzi za sufu, na ukiiangalia vizuri utaona kabisa ni uzi unaotoka kwenye kidonge. Beitkasta inakaa juu ya rodi na spuli yenyewe ndo inazunguka ikitoa mshipi, na dole gumba lako ndo breki. Hiyo tofauti moja, spuli inazunguka au haizunguki, ndo inazaa mambo mengine yote ntakayoyasema hapa.

Beitkasta yangu ya kwanza nlinunua mjini, duka sitalitaja, shilingi elfu saba na mia tano. Muuzaji akaniambia hii ndo ya mafundi, hiyo spini ni ya kuanzia, na akanijazia mshipi pale pale mpaka ukafika ukingoni kabisa mwa spuli. Nikatoka hapo moja kwa moja ufukweni Mama Ngina. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi imeshika, na wanaopajua wanajua, ukisimama upande wa ile mibuyu ukaangalia baharini upepo unakuja usoni. Nikafunga chambo cha bati cha gramu 14, nikarusha kwa nguvu zote. Kikaruka vizuri mwanzo halafu upepo ukakikamata, mwendo ukapungua hapo hapo hewani, lakini spuli haina habari, yenyewe inazunguka kwa kasi ile ile iliyoanza nayo, mshipi unamwagika na hauna pa kwenda. Kufumba na kufumbua rili imefura kitu kama kiota cha mnana. Nikakaa kwenye ukuta nafumua na ncha ya ndoana, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka magharibi ikaadhiniwa, na mwisho nikakata mita kama arubaini nikazikunja nikatia mfukoni.

Pembeni yangu palikuwa na mzee anavua kwa mshipi wa mkono tu, kauzungusha kwenye kibao, ndoo yake ina changu wanne. Akaniangalia muda mrefu halafu akaniambia, "Mwanangu, upepo haushindaniwi. Huo mtambo wako unataka maji yaliyotulia." Nlimwitikia kwa heshima tu lakini sikumwelewa siku hiyo.

Sasa nsije nkaonekana naiponda beitkasta, hapana, ile rili haikuwa mbovu, mimi nlikuwa sijui kuitegesha na hakuna aliyenionyesha. Kuna mambo mawili lazima uyajue. La kwanza ni kile kifundo kidogo cha pembeni chini ya mkono wa rili. Unafunga chambo utakachotumia, unainua rodi, unabonyeza kitufe cha kuachia spuli, chambo kinatakiwa kishuke polepole na kikigusa chini spuli isimame yenyewe. Ikiendelea kuzunguka kaza kidogo, chambo kikikataa kushuka legeza. Ukibadilisha chambo chenye uzito mwingine unapima tena, kila mara. La pili ni breki za kurushia, nyingine za sumaku unazungusha ile namba ya ubavuni, nyingine za vipini vidogo ndani vinavyofunguka spuli ikizunguka. Anza na breki nyingi kabisa, usione haya, utapoteza umbali kidogo lakini hutafumua, halafu punguza kadri dole gumba linavyozoea. Na dole lenyewe kazi yake ni kuusimamisha mshipi kidogo tu kabla chambo hakijagusa maji, ukichelewa hapo basi umeshafunga kiota kingine.

Mimi nlijifunzia uwanja wa Makadara, asubuhi kabla watoto hawajaja na mipira, nimefunga chubwi bila ndoana nalenga ndala niliyoiweka chini hatua ishirini. Wiki mbili hivi, nusu saa kila siku. Mkono ukakubali.

Lakini hata baada ya mkono kukubali, kwa uvuvi wa hapa Mombasa ukiwa umesimama nchi kavu mimi nasema spini, na nasema bila kusita. Upepo ndo sababu ya kwanza. Spuli isiyozunguka haiwezi kukimbia kuliko chambo, chambo kikipungua mwendo mshipi nao unapungua kutoka, basi. Sababu ya pili ni uzito. Kule Tudor kwenye mikoko natumia kamba mmoja kwenye ndoana na kachubwi kadogo, vyote pamoja havifiki gramu 7, na beitkasta ya kawaida kitu chepesi hivyo hairushi, spuli inataka kuvutwa ndo izunguke na kamba mmoja hana nguvu hiyo. Spini inakipeleka bila taabu. Ya kawaida ya beitkasta inaanza kufurahi kwenye gramu 10 kwenda juu.

Spini yangu ni ya ukubwa namba 4000, mshipi wa kusuka wenye nguvu ya paundi 20 na leda, kile kipande cha mwisho kinachofungwa ndoana, ya nailoni ya paundi 30, kwa sababu mshipi wa kusuka ukisugua mwamba mara moja umekwisha. Hiyo hiyo nimevulia kolekole maji yakijaa asubuhi, na kolekole hata akiwa wa kilo mbili akishika anakimbia usivyotarajia, dragi ya spini, yaani breki inayoachia mshipi samaki akivuta, inamwachia taratibu bila kukwama kwama, na hapo ndo utaona thamani ya rili nzuri na mbaya. Ya bei rahisi dragi inashika halafu inaachia ghafla, shika achia, na mshipi unakatika. Ukinunua, vuta mshipi kwa mkono dukani usikilize, inatakiwa itoe sauti moja tu mfululizo.

Spini nayo ina maudhi yake. Mshipi unajisokota. Ukizungusha mkono wa rili wakati samaki anavuta dragi, kila mzunguko unatia msokoto na baada ya siku chache mshipi unatoka kama nywele za kipilipili. Samaki akikimbia acha mkono wa rili, subiri, akisimama ndo uvute. Na kile kiwaya kifunge kwa mkono wako baada ya kurusha, usikifunge kwa kuzungusha rili, halafu vuta mshipi ukaze kidogo ndo uanze, hivyo vifundo vya ajabu vinavyojifunga venyewe vitapungua sana.

Sasa Naivasha. Hapa ndo beitkasta ilinionyesha kwa nini watu wanaipenda, na ndo nikaelewa yule mzee alichosema. Tulipanda treni Miritini, tukalala Nairobi, asubuhi matatu mpaka Naivasha. Blakibasi si samaki wa kwetu, asili yake ni Marekani ya Kaskazini na alitiwa lile ziwa mwaka 1929 kwa ajili ya watu wa kuvua kwa burudani, na baadaye 1970 wakatia na wale kamba wekundu wa maji baridi kutoka Marekani, ambao blakibasi anawala kwelikweli. Kwa hivyo chambo cha plastiki cha rangi ya kamba, kahawia na nyekundu, kule kinafanya kazi.

Ukifika utaona maji yalivyopanda miaka hii, migunga iliyokuwa ukingoni sasa imekufa imesimama ndani ya maji, na gugumaji linatembea kwa mafungu makubwa kama visiwa, leo liko hapa kesho kule, na mafunjo pembeni. Blakibasi hafukuzi kama kolekole. Anajificha, anakaa kwenye kivuli cha gugumaji au nyuma ya shina anangoja kitu kipite karibu na mdomo wake. Ukirusha mita mbili mbali naye umerusha bure. Unatakiwa umpelekee pale pale kwenye ukingo wa majani, na hapo ndo dole gumba linapolipa, nlikuwa nairusha beitkasta chini chini, chambo kikikaribia majani nalaza dole kwenye spuli, kinasimama na kuingia maji polepole bila kupiga chubwi. Na spini nilijaribu vile vile, inawezekana kwa kuuzuia mshipi kwa kidole cha shahada kwenye ukingo wa spuli, lakini si sawa, nlikuwa napitiliza majani kila mara.

Kisha akishika, ana kazi moja tu kichwani, kurudi kwenye majani. Huna muda wa kumwachia dragi. Mshipi wangu kule ulikuwa wa kusuka wa paundi 50, unene wake ni kama nailoni ya paundi 12 tu, dragi nimeikaza, nikamgeuza kichwa palepale na kumvuta pamoja na kilo nzima ya gugumaji limemzunguka. Wa kwanza alikuwa kama kilo na nusu, mdomo mkubwa unaingia ngumi, mstari mweusi ubavuni kama umechorwa. Mshipi huo na ukazaji huo kwenye spini yangu nisingethubutu, rodi yake laini na ingepinda mpaka maji.

Kijana wa boti alikuwa makini sana, kila tukikaribia mafunjo anatazama viboko kabla hajaturuhusu kurusha. Mara moja nilipata kiota, upepo wa mchana ulikuwa umeanza, na wakati nafumua kiboko akaibuka si mbali. "Bosi, kata hiyo laini twende," akaniambia, nikakata papo hapo. Kule upepo ukianza saa saba saa nane hivi mimi naiweka beitkasta natoa spini, na vidudu vyepesi vya plastiki vya gramu 3 au 5 navishusha kando ya migunga iliyokufa, taratibu. Samaki wawili nlipata hivyo mchana wakati wenzangu wameshachoka.

Kwa hivyo maamuzi yangu ni haya. Wa Mombasa anayenunua rili moja tu, na atavua Mama Ngina, Tudor, Mtwapa, achukue spini namba 3000 au 4000, na hiyo hiyo akienda Naivasha haitamwangusha, atapoteza samaki wachache kwenye majani tu. Anayesafiri kuvua blakibasi mara kwa mara na spini anayo tayari, aongeze beitkasta na rodi yake ngumu ya futi 7, ajifunze uwanjani kwanza. Kuanza na beitkasta kwa sababu umeambiwa ni ya mafundi, hapana ndugu yangu.

Na chumvi usiisahau. Rili yoyote ikitoka baharini kaza dragi maji yasiingie ndani, iogeshe kwa maji baridi yanayotiririka polepole, si kwa mpira wa presha maana presha inasukuma chumvi kwenye beringi, futa, kisha legeza dragi uiweke. Beitkasta ndo inadai zaidi hapa, vitu vyake vimebanana na chumvi kidogo tu inatosha kuifanya spuli ilie.

Siku ya kununua, mkono wa spini unahamishika kulia au kushoto lakini wa beitkasta hauhamishiki, kwa hivyo shika rodi dukani kwanza ujue unazungusha kwa mkono gani, usichukue boksi tu. Na ukishalipa mwambie asikujazie mshipi. Jaza nyumbani, mtu akushikie kidonge cha mshipi kimepitishwa kalamu katikati, wewe ushike mshipi na kitambaa kibichi uingie umekaza, tanguliza mita chache za nailoni chini kama ni wa kusuka usije ukateleza kwenye spuli, na uache milimita mbili au tatu kabla ya ukingo.