Chembe sahani za mtoto njiti: kuongeza zikifika 50,000 au kusubiri 25,000?

Kwa njiti asiyevuja damu, wodi nyingi zilizoea kumwongezea chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) mara hesabu iliposhuka chini ya 50,000 kwa mikrolita. Ni tahadhari inayoeleweka, lakini utafiti wa PlaNeT-2, uliochapishwa 2019, ulihusisha watoto 660 waliozaliwa kabla ya wiki 34: katika kundi la 50,000, asilimia 26 walifariki au kuvuja damu vibaya; kundi la 25,000, asilimia 19. Dozi ya chembe sahani ya mililita 15 kwa kilo ni mzigo kwa mwili wa gramu 800, na huenda chembe za mtu mzima aliyechangia damu huchochea uvimbe ndani ya mishipa yake.

Sisi tunachagua 25,000. Kiwango cha 50,000 kibaki kwa anayevuja damu au anayeandaliwa upasuaji.

Ila kwanza hakikisha hesabu ni ya kweli, tafadhali! Damu ya kisigino iliyokamuliwa kwa nguvu huanza kuganda, chembe hushikamana, mashine inahesabu pungufu. Rudia kwa damu ya mshipa, geuza chupa ya EDTA (yenye dawa ya kuzuia damu kuganda) taratibu mara 8 hadi 10, kisha fundi wa maabara aangalie slaidi kwa darubini.